CRP, prokalsitonini au lakteti: ukiwa na pesa ya vipimo viwili tu

Saa mbili na nusu usiku, mvua ya Aprili ikipiga mabati, kijana mmoja alisimama kwenye dirisha la maabara yetu nje kidogo ya Kisumu, ameshika karatasi ya daktari iliyoloa pembeni. Baba yake, mkulima wa mpunga kutoka upande wa Ahero, alikuwa amelazwa jioni hiyo. Homa ilikuwa na siku nne, anahema mbiombio, na maneno yake yalikuwa yameanza kuchanganyika. Kipimo cha malaria kilikuwa kimetoa mistari miwili, yaani malaria ipo. Karatasi iliagiza vitu vitano: hemogramu (hesabu ya chembe za damu), CRP, prokalsitonini, lakteti na kuotesha damu. Kijana akaweka noti zake mezani, akazinyoosha moja moja kwa kidole gumba, kisha akaniuliza, "Daktari, hizi zinatosha mbili tu. Nilipie zipi?"

Mimi ni mtu wa maabara, lakini dirishani kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Nilimpigia simu afisa wa zamu aliyemwona mzee, tukazungumza kama dakika mbili, tukachagua. Tulichochagua nitakisema mbele, kwa sababu bila maelezo kitaonekana kama kubahatisha. Swali lile ninaulizwa kila wiki, na wanaouliza wengi si wataalamu: ni mtoto wa mgonjwa, ni shemeji aliyetumwa na familia, ni mwenye kliniki ndogo ya Kondele au Luanda anayetaka kununua mashine moja na hajui ni ipi.

Ugonjwa wenyewe tunauita sepsisi. Maambukizi yameingia mwilini, na mwili katika kupigana nayo unaanza kuumiza viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, ubongo, moyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihesabu wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11 duniani kwa mwaka 2017 peke yake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi kama zetu. Hakuna tone la damu linalosema "hii ni sepsisi" au "hii siyo". Kila kipimo kati ya vile vitano kinajibu swali lake. Kimoja kinajaribu kusema kama ni bakteria. Kingine kinasema mgonjwa amezidiwa kiasi gani usiku huu. Kingine kinasema dawa imeanza kufanya kazi au la. Pesa hupotea pale mtu anaponunua jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

CRP na prokalsitonini

Hawa wawili ndio huchanganywa zaidi, kwa hiyo nitakaa nao.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukipata uchochezi wa aina yoyote. Walioigundua ni William Tillett na Thomas Francis, New York, mwaka 1930. Waliona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia hushikana na kitu kutoka kwa bakteria wa nyumokokasi, kitu walichokipa jina la C, na herufi hiyo ndiyo iliyobaki mwanzoni mwa jina hadi leo. Prokalsitonini ni mama wa homoni iitwayo kalsitonini, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye tezi ya shingo, na kwa mtu mzima wa afya haionekani damuni ila kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1993 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kwa watoto wenye maambukizi makali ya bakteria kiasi hicho hupanda sana. Wakati huo haitoki shingoni tu. Ini, mapafu, utumbo, hata mafuta ya mwili huimimina.

Kwa kasi, prokalsitonini inashinda. Huanza kupanda ndani ya saa 4 hivi na kufika kileleni kati ya saa 12 na 24. CRP huchelewa: saa 6 hadi 12 kuanza, na kilele ni karibu saa 48. Hili lina maana kubwa kwa mtoto aliyeanza homa alfajiri akaletwa saa nne asubuhi. CRP ya 8 (miligramu kwa lita) kwa mtoto huyo haimwachilii. Nimewahi kuona mzazi akirudishwa nyumbani kwa karatasi yenye CRP nzuri ya saa ya tatu ya homa, na usiku uliofuata mtoto akarudi akiwa hana nguvu ya kunyonya. Kipimo hakikukosea, kilichukuliwa mapema mno.

Kwa kutenganisha bakteria na virusi, prokalsitonini tena iko mbele. Mwili unapopambana na virusi hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama, nayo huzuia prokalsitonini isipande. CRP haina kizuizi hicho. Mafua makali yanaweza kuipandisha, upasuaji huipandisha, baridi yabisi huipandisha, hata mfupa uliovunjika. Ndiyo maana vitabu vya Ulaya huisifu prokalsitonini, na mwenye kliniki akisoma hivyo vitabu hutamani kuinunua.

Lakini vitabu hivyo viliandikwa mahali ambapo mbu wa jioni hana malaria. Hapa kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima, na malaria kali huipandisha prokalsitonini kama bakteria wanavyofanya, mara nyingi kupita 2 (nanogramu kwa mililita). CRP nayo hupanda kwa malaria, na si lazima iwe kali. Basi mzee wa Ahero, aliye na mistari miwili ya malaria, angekuwa na CRP ya juu na prokalsitonini ya juu kwa hali yoyote. Majibu hayo mawili yangemgharimu kijana pesa zote na yasimwambie afisa wa zamu kitu ambacho hakukijua.

Tena mistari miwili yenyewe ina hadithi yake. Protini ya vimelea inayotafutwa na kipimo kile cha haraka hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na wengi wetu tuliokulia huku tunaweza kubeba vimelea bila kuugua. Malaria iliyoonekana inaweza kuwa siyo inayomuua mgonjwa. Huko Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba katika watoto waliofariki wakiwa wamelazwa, asilimia 26 walikuwa na bakteria kwenye damu; na baadaye ikaonekana kwamba malaria yenyewe humfungulia bakteria mlango. Siaya na maeneo jirani ya ziwa, bakteria wa salmonela isiyo ya taifodi inajulikana sana kwa kuingia kwenye damu ya watoto wenye malaria au upungufu wa damu, na ya watu wazima wenye virusi vya ukimwi. Kwa hiyo "ana malaria" si sababu ya kuacha kutafuta bakteria kwa mtu aliyezidiwa.

Je, CRP na prokalsitonini hazina kazi hapa? Zinayo, ila unapaswa kuzisoma kwa kugeuza. Jibu la chini lina uzito kuliko jibu la juu. Mtu mzima mwenye homa siku ya tatu, malaria haipo, prokalsitonini iko chini ya 0.25 na anakula: uwezekano wa maambukizi makali ya bakteria umepungua kweli. Kwa watoto wasiozidiwa, wanaotembea na kurudi nyumbani, CRP inaweza kuokoa antibiotiki nyingi. Dar es Salaam, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 ya mwongozo uliotumia vipimo vya pembeni mwa kitanda, CRP ikiwa na kikomo cha 80, yalionyesha watoto waliopewa antibiotiki wakishuka hadi asilimia 11.5 huku waliokuwa kwenye mwongozo mwingine wa kulinganishia wakiwa asilimia 29.7, na hawakuumia kwa kukosa dawa. Hao hawakuwa mahututi. Usiuchukue mfano wao ukaupeleka wodini kwa mtu ambaye ngozi yake imeanza kuwa na madoa.

Kwa Nakuru hesabu inabadilika. Kule juu malaria ni chache, na mwenye homa ambaye hajasafiri kuja huku ziwani akiwa na prokalsitonini ya 10, fikiria bakteria moja kwa moja. Kipimo ni kilekile na mashine ni ileile, lakini jibu halina uzito uleule. Kabla ya kusoma namba, muulize mgonjwa amelala wapi wiki mbili zilizopita.

CRP ina jambo moja ambalo prokalsitonini haina kwa watu wetu. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ndizo zenye kiwango cha juu zaidi nchini cha watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali CRP inayozidi 5 itumike kuwachuja wanaohitaji kupimwa kifua kikuu miongoni mwao. Prokalsitonini kwa kifua kikuu mara nyingi hubaki chini au hupanda kidogo tu, na hapo inaweza kumpumbaza daktari aone hakuna kitu.

Bei? CRP ni nafuu, inapatikana karibu kila maabara yenye mashine ndogo ya mezani. Prokalsitonini ni ghali mara kadhaa na hospitali nyingi za huku huituma nje. Na ukipewa CRP, angalia kipimio kilichoandikwa kando ya namba. Mashine nyingine huandika miligramu kwa desilita badala ya kwa lita, na 12 ya kwanza ni 120 ya pili. Nimeshuhudia mgonjwa akihamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, jibu la kwanza likisomwa kwa macho ya mashine ya pili, na familia ikaambiwa ugonjwa umepanda mara kumi usiku mmoja.

Lakteti, na kwa nini niliitanguliza

Lakteti haijali kama ni bakteria, malaria au virusi. Haijibu swali la mdudu gani. Inajibu swali la mwili: je, viungo vinapata damu na hewa ya kutosha, na ini bado lina nguvu ya kusafisha? Chembe zikikosa hewa huchoma sukari njia ya mkato na kubakiza lakteti; mwili ukijaa adrenalini ya taabu nayo huongezeka; ini likichoka haliiondoi. Yote matatu yapo kwa mtu wa sepsisi.

Namba zake ni rahisi kukumbuka. Chini ya 2 (milimoli kwa lita) ni kawaida. Zaidi ya 2 kwa mtu mwenye maambukizi ni onyo. Kuanzia 4 ni hatari hata kama presha bado inasomeka vizuri, na hapo ndipo kipimo hiki kinapoipita presha, kwa sababu kijana mwenye moyo imara anaweza kushikilia presha nzuri hadi dakika za mwisho. Tangu 2016, mshtuko wa sepsisi kwa mtu mzima unatambuliwa kwa mambo mawili pamoja: anahitaji dawa za kuinua presha ingawa amepewa maji ya kutosha, na lakteti yake inazidi 2. Wanaofikia hapo, zaidi ya 40 kwa kila 100 hufariki hospitalini. Kwa malaria kali, lakteti ya 5 na kuendelea inamweka mgonjwa kwenye kundi la hatari vilevile. Kwa hiyo kwa mzee wa Ahero, iwe ni malaria, iwe ni bakteria, iwe ni vyote, jibu la lakteti lingetumika.

Ubaya wake upo kwenye mikono yetu. Hapa naomba wenzangu wa maabara na masista wasome taratibu. Chembe nyekundu za damu haziachi kula sukari eti kwa sababu zimetiwa kwenye chupa. Zinaendelea, na zinaendelea kutoa lakteti. Damu inapaswa kuingia kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floraidi, iwekwe kwenye barafu, ifike mashineni ndani ya dakika 15 hivi. Mkono usifungwe kamba kwa muda mrefu, mgonjwa asiambiwe akunje na kukunjua ngumi. Mwaka jana nilipokea chupa ya kifuniko chekundu iliyokuwa imekaa kwenye dirisha la wodi wakati wa kubadilisha zamu. Nikaipima. Ikasoma 6.1. Mama aliyekuwa mwenye damu hiyo alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji. Nikarudi mwenyewe na chupa ya kijivu na kikombe cha barafu, nikatoa upya bila kufunga kamba: 1.9. Ningetuma ile ya kwanza, angehamishiwa chumba cha mahututi au angemiminiwa dripu asizozihitaji.

Dripu nazo ni neno zito. Lakteti ikiwa juu, mkono wa mtu hukimbilia maji. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kutolewa mwaka 2011, uliwafuata watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.6, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Mbale, hapo tu ng'ambo ya mpaka kutoka Bungoma, ilikuwa mojawapo ya hospitali hizo. Huko Lusaka, Zambia, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini walifuatwa vivyo hivyo, na matokeo ya 2017 yalikuwa asilimia 48.1 ya vifo kwa waliopewa mpango wa maji mengi na dawa za presha mapema, dhidi ya 33.0 kwa huduma ya kawaida. Lakteti ya juu inasema mgonjwa yuko hatarini. Haisemi amiminiwe maji.

Lakteti hupandishwa pia na degedege iliyotoka kupita, na ini bovu, na wakati mwingine na dawa ya sukari ya metfomini. Muulize mwenye mgonjwa.

Na kama hamna mashine ya lakteti kabisa? Kuna mkono wako. Bonyeza kucha au ncha ya kidole cha mgonjwa hadi ipauke, achilia, hesabu sekunde hadi rangi irudi. Ikipita 3, damu haifiki pembeni. Mwaka 2019 hospitali 28 za Amerika Kusini zililinganisha kuongoza matibabu ya mshtuko wa sepsisi kwa kubonyeza kidole na kuyaongoza kwa lakteti, kwa watu 424. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 34.9 kwa kidole na 43.4 kwa lakteti. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kusema kidole ni bora, lakini hakika haikuwa mbaya zaidi. Kwa zahanati ya kisiwani au ya huko ndani Nyakach, jambo hili linafaa kuandikwa ukutani.

Hemogramu, ESR, Widal

Hemogramu ichukuliwe, kwa sababu ni ya bei ndogo na inaonyesha upungufu wa damu. Kama kiashiria cha sepsisi ni dhaifu. Seli nyeupe zikizidi elfu 12 au zikipungua chini ya elfu 4 kwa mikrolita ni dalili ya kizamani tu, na watu wengi wenye asili ya Kiafrika huishi wakiwa na afya kamili na seli nyeupe aina ya nyutrofili chini ya kiwango cha vitabu vya Ulaya; mashine itaandika "chini" kwa wino mwekundu na mtu hana lolote. Vigandisha damu hushuka kwa sepsisi na kwa malaria vilevile. Mwenye selimundu ana seli nyeupe nyingi hata siku njema.

ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye mrija, hupanda polepole, hushuka polepole zaidi, na upungufu wa damu peke yake huipandisha. Kwa mgonjwa wa usiku haina faida. Widal, kipimo cha kingamwili za taifodi, nisingeilipia kabisa. Watu wengi huku wana kingamwili za zamani, na jibu chanya limewafanya wengi wameze dawa za taifodi ambayo hawakuwa nayo.

Kuotesha damu

Hiki si kiashiria kama vile vingine, lakini kiko kwenye karatasi ileile na kinashindania pesa ileile. Ndicho pekee kinachotaja bakteria kwa jina na dawa inayomweza. Hasara yake ni muda: siku moja hadi tatu kwa kawaida, wakati mwingine tano. Na hakikubali uzembe. Damu itolewe kabla ya antibiotiki ya kwanza, ngozi isafishwe na iachwe ikauke, na kwa mtu mzima chupa moja ipate mililita 8 hadi 10. Chupa nyingi zinazofika kwangu zina 3. Kwa 3 bakteria wanaweza kukosekana si kwa sababu hawapo bali kwa sababu hatukuwachota.

Hata hivyo antibiotiki isingoje. Mgonjwa akiwa amezidiwa, toa damu ya kuotesha, mpe dawa papo hapo. Kama mshipa umekataa na dakika zinakwenda, mpe dawa.

Siku ya tatu na ya tano

Namba moja ya CRP ni picha ya mnato. Mbili zinaonyesha anakokwenda. Ajabu ni kwamba CRP yenyewe huisha damuni haraka kuliko prokalsitonini, nusu yake ikiondoka kwa saa 19 hivi dhidi ya 24, lakini ini linaendelea kuitengeneza, ndiyo maana kwa macho yetu huchelewa kushuka. Usiipime kesho yake. Itakuwa imepanda hata kama dawa inafanya kazi, na familia itashtuka bure. Pima siku ya tatu.

Uwanja huu ndio wa prokalsitonini, kwa mwenye uwezo. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unapendekeza isitumike kuamua kuanza antibiotiki, ila isaidie kuamua kuziacha. Uholanzi, mwaka 2016, madaktari walishauriwa kuacha antibiotiki pale prokalsitonini ikishuka asilimia 80 kutoka kilele au ikifika 0.5. Siku za antibiotiki zikawa 5 badala ya 7, na vifo havikuongezeka bali vilipungua. Uingereza, utafiti wa wagonjwa 2,760 uliotolewa mwaka 2024 uliziweka CRP na prokalsitonini bega kwa bega kwa kazi hii: prokalsitonini ilipunguza siku za dawa kwa karibu siku moja bila kuongeza vifo, CRP haikupunguza. Kwa mgonjwa wa chumba cha mahututi anayelipiwa dawa ya sindano ya gharama kila siku, vipimo viwili vya prokalsitonini vinaweza kulipa gharama yake. Kwa mgonjwa wa wodi ya kawaida anayekula, asiye na homa siku ya tano, macho ya daktari yanatosha.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Siku mbili za kwanza za uhai prokalsitonini hupanda yenyewe kwa mtoto mwenye afya kabisa, na asiyejua hilo atamchoma sindano wiki nzima bila sababu.

Kuna viashiria vipya vya damu pia mnaweza kuvisikia kwenye semina: IL-6, suPAR, sTREM-1. Hivi viwili vya mwisho vinavutia kwa sababu vinatabiri nani atazidiwa, si mdudu gani, na sTREM-1 imefuatiliwa kwa watoto wenye homa Jinja, Uganda, karibu na sisi. Nimevitazamia kwa hamu. Kwa sasa siwezi kukwambia ukavilipie Kisumu.

Ningechagua hivi

Mgonjwa aliyezidiwa, anahema, amechanganyikiwa, na pesa ni ya viwili: lakteti na kuotesha damu. Ndivyo tulivyomwambia yule kijana. Lakteti ya mzee ilisoma 5.3. Kabla hata sijaandika jibu, afisa alikuwa amemwanzishia sindano ya artesunate ya malaria na antibiotiki, zote mbili. Namba ile iliamua jambo jingine, kwamba asilale wodi ya kawaida usiku ule na kwamba presha, mkojo na kidole chake viangaliwe kila saa. Siku ya tatu chupa ikaotesha salmonela. Kijana aliporudi dirishani alikuwa na pesa ya CRP aliyotumiwa na dada yake kutoka Nakuru. Nikamwambia aitunze; baba anakula ugali.

Mtu mzima mwenye homa asiyezidiwa, malaria haipo, na daktari anasita kuhusu antibiotiki: CRP, kama homa imepita saa 12. Mwenye kliniki anayetaka mashine moja: mashine ya CRP ya mezani, pamoja na kijimashine cha lakteti cha mkononi kinachotumia vijiti kama vya sukari, kabla ya kufikiria prokalsitonini. Hospitali yenye chumba cha mahututi: nunueni prokalsitonini, na wekeni kabisa kwenye karatasi ya wodi siku ya kuirudia, la sivyo itapimwa mara moja tu mgonjwa anapoingia na haitasaidia mtu.

Na kwa wale wanaotegemea maabara ya mbali, wanaofunga chupa kwenye pakiti na kumpa bodaboda au dereva wa matatu ya asubuhi: CRP inavumilia safari. Prokalsitonini inavumilia saa kadhaa, hasa ikishatenganishwa na chembe. Damu ya kuotesha isikae kwenye friji. Iende ikiwa na joto la chumba. Lakteti msiitume. Ipimeni hapo mlipo, au bonyezeni kidole mhesabu, na muandike saa mliyohesabu.